Vikabichi vya Bosi

Nichekeni tu. Mke wa mwanangu alileta vikabichi vidogo kama ndimu, avikaange vikauke kama senene, maana bosi wake alikuwa anakuja kula kwetu Kashozi.

Akaniambia kwa kisauti chake cha puani, "Mamaa, nisaidie kumenya."

Nikatoa ganda, chini nikakuta ganda jingine. Nikataka nikione hicho kinacholiwa. Nikamenya mpaka kikaisha mkononi! Nikasema hiki kibovu, nikachukua kingine, mpaka bakuli likabaki tupu. Maganda nikampa mbuzi, kama ya ndizi.

Bosi akaingia, mafuta yamechemka.

"Mamaa, viko wapi?"

"Mwanangu, havikuwa na kitu ndani."

Bosi akachungulia uani, akamwona mbuzi bado anatafuna, akanguruma, "Kumbe mgeni ni huyu mbuzi!"