Nyumba Zisizolaliwa na Mtu

Kila Jumapili mama akirudi kanisani, hata kitambaa cha kichwa hajakivua, anaegemeza simu kwenye cherehani na kutupanga mbele yake kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti: yeye, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Baba hayupo, Jumapili analinda geti la ofisi huko Randburg. Simu inaita, inaita, halafu uso wa mama mdogo unajaa kioo chote. Mama mdogo ni dada yake mama. Nyuma ya uso wake kuna nyumba. Siku zote kuna nyumba, ya zamani sana, imepakwa rangi juzi, na hakuna anayelala ndani.

"Muko munaniona? Muone kwanza hii ngazi! Yesu wangu, muone ngazi!"

Tunaona ngazi.

Mama mdogo yuko Amerika. Aliolewa na Mkenya wa huko, na huyo baba mdogo ana ugonjwa wa majengo ya kale. Wanaume wengine wana ugonjwa wa mpira, wengine wa pombe. Wa kwake ni wa nguzo na madirisha. Likizo ikifika wanajaza gari mafuta na kuvuka majimbo, wanalala hoteli za kando ya barabara, ili mchana waingie nyumbani kwa marehemu wasiyemjua na kutazama sahani zake. Huku Johannesburg ni majira ya baridi, tumejifunika blanketi moja watu watatu, na yeye anajipepea kwa karatasi ya matangazo akilalamikia joto.

Nimeona mengi. Nimeona daraja la mbao lililoezekwa paa, utadhani mto unaogopa mvua. Nimeona stesheni ya reli isiyo na treni, na saa yake imesimamishwa makusudi. Nimeona jiko lenye mkate wa plastiki na kuku wa plastiki, na mwanamke mzima amevaa gauni la enzi za bibi wa bibi yake, anasukasuka maziwa ambayo hakuna atakayeyanywa. Nimeona gereza ambalo watu wanapanga foleni na kulipa ili wafungiwe kidogo, wapigwe picha wameshika vyuma, wanacheka. Baba aliwahi kulala mahabusu hapa mjini kwa ajili ya karatasi ya ukaazi iliyoisha muda. Siku aliyotoka sikumwona akicheka.

Huko Virginia tulionyeshwa nyumba ambamo jenerali fulani alilala.

"Usiku mumoja!" mama mdogo alisema, anahema kwa furaha. "Usiku mumoja tu, na wameilinda mpaka leo!"

Mbele ya meko ya jenerali kulikuwa na mbao ya sakafu iliyoungua, na juu yake wameweka kioo. Mama mdogo alipiga magoti. Alisogeza simu hadi tukaona punje za masizi. "Muone alama ya moto wake," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya maombi. Kisha wakazungushwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha chumba kimoja ambamo watumwa walikaa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona mahali panapofanana na kwa watu. Alituonyesha kwa muda wa kupiga chafya. "Hapa ni joto sana," akasema, tukarudi kwenye nguzo.

Mimi siongei. Nyumbani wananiita bubu, kwa upendo eti. Kwenye simu nasema "Jambo mama mdogo" halafu natazama magoti yangu. Mdogo wangu ndiye wa kupendwa. Yeye alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia tu, anajibu kila kitu "Sharp, mama mdogo!", yaani poa kwa lugha ya vijana wa hapa, na upande wa pili wanakufa kwa kicheko. Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu yeye hawezi kukisoma, na ana mikono mirefu.

Basi mwanzoni mwa likizo zao mama mdogo alitoa ahadi. Alisema watamwita mtoto mmoja akasome kule, akae kwao, baba mdogo atatia sahihi kila kitu. "Mumoja tu. Nitaangalia mwenye kuwa tayari." Mama alikata simu, akanitazama mimi, kwa sababu ni mkubwa na nakaribia kumaliza shule.

"Sasa utaongea," akasema. "Mutoto wa akili anauliza. Uliza-uliza! Kama ni nguzo, uliza nguzo."

Niseme ukweli: nilitaka kwenda. Majumba yao sikuyataka, wabaki nayo. Nilitaka chumba chenye mlango. Sisi tunakaa chumba kimoja, kimegawanywa kwa kabati na pazia, na upande wangu wa pazia ndio njia ya kwenda kwenye maji ya kuoga. Kila Jumapili nilikuwa naonyeshwa vyumba vitupu, vitanda vimetandikwa, mito imevimba, na mlangoni kamba nyekundu ili mtu asije akaingia kulala kwa bahati mbaya. Milango mizuri ya mbao nzito, inafungwa kulinda hewa tupu. Nilikuwa naichukia na kuitamani kwa pamoja.

Kwa hiyo niliuliza. Swali lilikuwa moja, sikuweza la pili: "Ilijengwa mwaka gani?" Wiki hii, "Ilijengwa mwaka gani?" Wiki ijayo, "Na hiyo ilijengwa mwaka gani?" Baba mdogo alifurahi mno. Alikuwa anaruka mbele ya simu kujibu. Alianza kuniita msomi. Mama alikuwa ananifinya mgongoni kwa shangwe.

Hilo ndilo lililoniponza. Mtu ukimwonyesha hamu usiyokuwa nayo, atakuja kukudai.

Lazima nieleze nyumba yetu. Ni Troyeville, mtaa wa hapa Johannesburg, na si yetu, tumepanga chumba cha mbele. Ilijengwa zamani za wenye migodi, ina baraza pana yenye nakshi za chuma kilichotobolewa kama lesi ya shimizi. Jumamosi nyingine hupita kundi la watu wenye kofia na chupa za maji, wana mtu wa kuwaeleza, wanasimama ng'ambo ya barabara na kupiga picha hizo nakshi. Mama huwa anakata nguo hapo barazani kama kuna jua. Huinua mkono kuwapungia. Wao husubiri aushushe, ili picha itoke safi.

Mama na mama mdogo walipofika kutoka Uvira, kule Kongo, walifikia chumba hikihiki. Mimi nilikuwa mgongoni. Mama mdogo alilala chini ya meza ya kukatia nguo mpaka siku aliyopata safari ya Amerika. Siyo siri, kila mwanamke wa kanisani kwetu anajua. Aliyekuwa hajui, kumbe, ni mume wake.

Jumapili hiyo likizo zao zilikuwa zimeisha, wako kwao. Uso uliotokea kwanza ulikuwa wa baba mdogo.

"Msomi! Sasa wewe, mbona mlinificha? Mama yako mdogo ameniambia hiyo nyumba ya dadake ni ya tangu enzi za dhahabu. Leo ni zamu yako. Hebu tutembeze. Nimekuweka kwenye televisheni, tuko na wageni wa kanisa hapa."

Nyumba ya dadake! Mama akashika kifua.

"Wacha mutoto, iko na haya," ilisikika sauti ya mama mdogo kwa nyuma, kisha akanibembeleza mimi kama wanavyobembelezwa wasichana: "Mama, onyesha baraza tu, inatosha."

"Nje tu," mama akaninong'oneza akinipa simu. "Umesikia? Nje."

Nikatoka nje. Nikaonyesha nakshi, nguzo, vigae vyekundu vya ngazi. Upande wa pili watu wakasema waa.

"Na ilijengwa mwaka gani?" baba mdogo akaniuliza, ananitania kwa swali langu mwenyewe.

"Sijui," nikasema. "Hakuna aliyetuwekea kibao."

Wakacheka. Wageni, televisheni nzima, wakacheka kwa jambo nililosema mimi. Sijawahi kuchekesha watu. Na hapo ikanitoka sauti ambayo si yangu, ile ya wale waelezaji wa Amerika niliowasikia Jumapili baada ya Jumapili, ya puani kidogo, ya mtu aliyekariri.

"Tafadhali nifuateni. Angalieni miguu, kuna nyaya."

"Mama, baraza inatosha," akasema mama mdogo.

Nikaingia. Nikawaonyesha ukumbi uliogawanywa kwa mbao, kila mlango na kufuli yake. Nikainua simu juu, kwenye dari la chuma lililofinyangwa maua.

"Simama hapo!" baba mdogo akapiga kelele. "Jameni, oneni dari! Hiyo ni yenyewe ya zamani, haijaguswa!"

Mdogo wangu, anatukimbilia nyuma, akapaza sauti kwa Kiingereza cha shule niwaonyeshe na tundu la panya. Wakacheka tena. Mimi tayari nilikuwa nimefika chumbani kwetu, mbele ya meko tunamowekea sufuria, nikapiga magoti kama alivyopiga yeye kwa jenerali.

"Hapa sakafuni mtaona alama nyeusi, yenye umbo la pasi. Iliachwa na mkaazi mmoja mashuhuri wa nyumba hii. Alilala chini ya meza hiyo mnayoiona, kichwa huku, miguu kule. Siku moja aliacha pasi ya moto akaenda kuchungulia harusi barabarani. Kamba hatuna, ila tafadhali msiguse."

"Nani huyo?" baba mdogo akauliza, bado ana kicheko mdomoni.

Mama alikuwa ananivuta sweta.

"Amekaa karibu na wewe, baba mdogo."

Mtu mmoja huko akakohoa.

"Eh, network inakatika," akasema mama mdogo.

"Haikatiki," akasema baba mdogo taratibu. "Iko sawa kabisa. Si ulisema ulikuwa na chumba chako cha kuelekea bustani?"

"Bustani iko," nikasema. "Ndiko choo kiliko."

Kioo kikawa cheusi.

Mama hakunipiga. Alirudi kwenye cherehani, akaweka uzi kwenye sindano, akaukosa, akaulamba, akauweka tena. "Miaka yote haufungue kinywa," akasema. "Na siku unafungua, unafungua namna hii. Umefurahi?"

Nilikuwa nimesharudi kuwa bubu. Lakini ningejibu ningesema hivi: yeye ndiye aliyetufundisha kwamba moto wa mtu sakafuni ni kitu cha kupigiwa magoti. Jenerali aliunguza sakafu usiku mmoja, wakaiwekea kioo. Mama mdogo aliunguza ya kwetu, akakata simu. Mtu anayevuka majimbo kutafuta mahali wengine walipolala na haoni alipolala mwenyewe, huyo usiniambie anapenda historia. Anapenda ngazi.

Jumapili iliyofuata alipiga sauti tupu, bila picha. Hakuniuliza hali. Mama aliweka simu wazi ili sote tusikie, nadhani kwa makusudi.

"Yule mukubwa iko na mudomo," mama mdogo akasema. "Huku hawataki mutoto wa mudomo. Muniandalie yule mudogo."

"Sharp, mama mdogo!" akasema mdogo wangu.

Mimi! Bubu wa familia, nimekosa Amerika kwa kuwa na mdomo. Mama hakucheka, kwa hiyo nami sikucheka. Chumba chenye mlango atakipata mtu ambaye hata pazia huliacha wazi akienda kuoga. Ninaandika hili kwa utulivu, ila jana nilimficha kiatu kimoja.

Baba mdogo aliniandikia ujumbe wake peke yake, mkewe hajui. Nilidhani labda kuna neno. Alisema hajawahi kuona dari zuri kama letu, je naweza kumtumia picha yake mchana, mwanga ukiwa mzuri? Dari! Mke wake alilala chini ya meza, na yeye anatazama juu. Sijamjibu.

Na mama amenunua mkeka wa plastiki, wa maua. Kila Jumapili kabla ya simu anautandika mbele ya meko, juu ya ile alama, anaunyoosha kwa kiganja, ingawa mama mdogo hapigi tena kwa picha na hakuna wa kuona. Wanaongea habari za visa ya mdogo wangu. Mimi nakaa pembeni, natazama magoti yangu. Kisha nanyoosha mguu polepole, na kwa kidole gumba nausukuma mkeka kando, mpaka pasi yote itokeze.