Usikwangue Uso wa Kasongo

Iko asubuhi moja ya kipwe, ile majira ya baridi, mwanangu, inanirudilia hata nikiwa macho wazi. Ukungu umelala juu ya reli, Kamina yote kama inaelea. Ilikuwa wakati wa vita. Maduka ya foto yaliporwa, filimu hakuna. Yaya wangu Ilunga, kaka yangu mukubwa, alikuwa anajificha, maana asikari balikuwa banaokota vijana. Mama alitaka jambo moja tu: sura yake mu foto, kabla ya kumutuma Bukama kwa bandugu.

Mujomba wetu Kalenga njo alijua kazi ya kupiga foto juu ya kioo. Padri mumoja muzee alimufundisha. Alichukua kioo cha dirisha, akakisugua na majivu, akajifungia mu giza na taa nyekundu. Jelatini ya vuguvugu, chumvi ya fedha ndani, ile inashika mwangaza: alimwaga katikati, akainamisha polepole, maji ikatembea pembe kwa pembe, sawa vile usingizi unaingia mu macho ya mutoto.

Foto ya namna ile haipendi haraka. Kifuniko cha kamera kikitoka, unakaa kama jiwe mpaka kirudi.

"Yaya, hata inzi asikuchekeshe," nikamuambia Ilunga, amekaa ku kiti mbele ya kamera.

"Inzi wa Kamina? Bale habana heshima!"

Kifuniko kikatoka. Njo pale Kasongo, shefu wa avenyu yetu, akaingia mu lupango, mu ua wetu, na asikari babili. Miye namutaja. Kasongo, mwenye kula bukari kwetu kila siku kuu. Wazee balisema: kikulacho kiko mu nguo yako.

"Ni huyu," akasema. Akabaki amesimama mbele ya kamera, mikono nyuma, hatikisiki, maana alipenda foto kuliko sala. Bakamunyanyua Ilunga. Mujomba alibaki na kifuniko mukononi, amesahau kukirudisha.

Ilunga hakurudi.

Kioo kilipotoka mu dawa, Kasongo iko wazi mpaka vifungo vya koti. Yaya wangu iko moshi: bega, shavu kidogo, na kiti kinaonekana kupitia kifua chake.

Nilishika kisu. Tulizoea kukwangua vioo vya zamani na kuvipaka upya, basi nilitaka kuondoa ule uso wa Kasongo tu. Mujomba akanikamata mukono.

"Weye! Ile ni ngozi moja. Ukianza ku uso wa Kasongo, inabanduka yote, na ndugu yako anaenda nayo."

"Sasa tumutunze, huyu mbwa?"

"Tumutunze."

Mama alikuwa anamufunika Kasongo na kiganja, anaangalia ule moshi mpaka jua linazama.

Leo Kasongo anakaa benchi ya mbele ku kanisa. Bantu bananiambia, mama, achana na mambo ya kale. Mwenye kutenda anasahau, mwenye kutendewa hasahau.

Basi sikia, mwanangu. Ukisimulia habari ya muntu wako, usiseme vita ilimukula. Vita haina kidole cha kuonyesha muntu. Taja mwenye kuonyesha. Usimurushie jiwe, wala usimuchukie mutoto wake, maana mutoto hakusimama pale. Lakini ukificha jina lake, yule aliyepotea naye anapotea mara ya pili. Mungu akulinde. Akupe usingizi mutamu, na jina lako lisikae kamwe mu kinywa cha mama mwenye kulia.