Karata za Kumnyamazisha Mtani

Siku tuliyomzika baba, pale nyumbani Kilosa, binamu yangu alivaa koti la marehemu akatoka nalo uani huku akikohoa.

Huyu ni mtoto wa shangazi, dada yake baba, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Msibani mtani ana ruhusa zote. Atalala kaburini agome kutoka, ataficha sufuria ya wali, ataigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Wewe uliyefiwa huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, wazee wanakutoza kuku, na aibu inabaki kwako. Hayo yote niliyajua tangu utotoni, na kwenye misiba ya wengine niliyacheka kama kila mtu.

Lakini kikohozi kile nilikuwa nimekiuguza mimi. Miezi ya mwisho nilifunga mgahawa wangu wa Mikumi nikarudi kumshika baba mgongo kila kilipombana, na nilikijua kuanzia ule mkwaruzo wa mwanzo, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili, hadi pale pumzi inapomrudia. Binamu alikuwa nacho chote. Akapita nacho kwenye mikeka ya wanaume, wazee wakicheka, akaja hadi nilipokuwa nawanawisha wageni mikono, akasimama mbele yangu kimya. Alikuwa anasubiri shikamoo. Nimemzidi umri mtu huyo, nimembeba mgongoni. Watu wakageuka kutazama, nikaona sina pa kutokea, nikampa. Akaitikia, "Marahaba, mama," kwa sauti ya baba yangu, na uani kukapasuka kicheko. Nilitabasamu kama desturi inavyotaka, na moyoni nikaapa kwamba hili atanilipa.

Mama alikuwa ndani na wanawake wenzake, ameshaingia eda. Yeye koti hakuliona, alisikia tu kupitia dirishani. Nilipoingia nilikuta wamemfunika kanga mpaka usoni, mabega yanatikisika. Nikaongeza na hilo kwenye hesabu ya binamu.

Binamu anaendesha gari la watalii hifadhini. Masika yakikolea barabara za ndani zinakuwa tope tupu, wageni hawaji, naye hushinda mgahawani kwangu akila kidogo na kusema sana. Masika yale, nilipokwisha kuufungua tena mgahawa, alikuja na boksi. Mgeni mmoja aliyenaswa na mvua alimfundisha mchezo uliokuwa ndani yake, kisha akamwachia alipoondoka. Ni mchezo wa watu wawili, vita vya kale kati ya Roma na Karthago, miji miwili iliyogombea bahari moja. Una ramani ya kutandaza mezani na karata nyingi zenye picha. Madereva wa malori hawakutaka hata kuusogelea, maana kwenye drafti alikuwa ameshawamaliza wote. Basi akanigeukia mimi.

"Kaa hapa, mke wangu, nikufundishe vita," akasema. Mtoto wa shangazi anaruhusiwa kukuita hivyo, na huyu hakuwahi kuiacha ruhusa yoyote ikae bure.

Nikajifuta mikono, nikakaa.

Kila mmoja anaanza na fungu dogo la karata dhaifu, wakulima wengi na askari wa miguu wachache. Kila zamu unachota karata kadhaa, na kwa nguvu ya hizo unajipatia bora zaidi kutoka zile zilizopangwa katikati: wapanda farasi, merikebu, majemadari, tembo. Ila ulichojipatia hukitumii papo hapo. Unakiweka kwenye rundo la zilizokwisha kutumika, na fungu lako likiisha unalichanga upya, ndipo siku moja kinakuja mkononi. Kumbe mchezo mzima ni kuweka kitu na kukisubiri. Hapo nilikuwa mwanafunzi hodari, kwa sababu nilikuwa na langu nimeliweka.

Hata hivyo alinifunga, na kunifunga, na kunifunga. Nilichagua Karthago kwa ajili ya tembo. Mtu wa Mikumi anajua tembo akisimama barabarani hata lori la mafuta linazima injini. Nikawakusanya tembo wote, lakini hawakuja mkononi. Nikichota, wakulima. Nikichota tena, wakulima. Mchezo unakupa nafasi ya kuwatoa wale dhaifu kabisa, warudi boksini wasionekane tena, ili fungu libaki jepesi na wenye nguvu waje upesi. Binamu alinieleza hilo tangu siku ya kwanza, na mimi sikulifanya. Karata ya mkulima ilikuwa na mzee mwembamba ameegemea jembe. Baba alilima mpunga maisha yake yote, na ndiyo tumemzika juzi tu. Mkono ulikataa.

"Hii siyo Karthago tena," binamu aliwatangazia waliokuwa wakila. "Hili ni shamba la mpunga la Kilangali. Vibarua watupu."

Wakacheka na midomo imejaa ugali wangu. Nikacheka nao, kisha nikamwekea binamu mchuzi bila nyama.

Arobaini ya baba ilikuwa inakaribia, na alishaanza kujinadi atakavyokuja: koti lile lile, na safari hii na bakora. Nikafikiri sana jinsi ya kumzuia. Kumwambia kwamba imeniuma nisingeweza, angewafikishia wazee kabla chai haijapoa. Ila dau la mchezo siyo kinyongo, na mtani haruhusiwi kukwepa changamoto. Nikamwambia tucheze mara moja, kwa dau. Nikimfunga, siku ya arobaini atakaa mkekani kama mgeni, haigizi, hakohoi. Akinifunga, atavaa nguo yoyote ya baba anayoitaka, nami nitamfuata nyuma nikimpigia vigelegele. Akanipa mkono huku akinionea huruma.

Kuanzia hapo boksi lilibaki mgahawani, nikacheza peke yangu kila asubuhi maharage yakiwa jikoni, Roma kwa mkono wa kushoto na Karthago kwa wa kulia. Asubuhi moja nilimshika yule mzee wa jembe, nikamtazama, nikamrudisha boksini. Nikamrudisha na mwenzake. Nililia kidogo, nikasingizia moshi, na tembo wakaanza kuja. Jambo la pili nilijifunza kwa kumtazama binamu mwenyewe. Karata zake zikiwa mbovu, mdomo haufungi. Zikiwa nzuri, anakuwa mpole ghafla na kuanza kujikuna sikio.

Siku ya dau mvua ilinyesha, mgahawa ukajaa waliokimbilia kujikinga. Alipoongea nilishambulia, alipojikuna nilirudi nyuma nikalinda merikebu zangu. Aliponiona nawatoa wakulima mmoja baada ya mwingine aliacha utani katikati ya neno. Tembo wangu waliingia Roma wakifuatana, na niliwapanga polepole, mmoja mmoja, ili awaone vizuri. Dereva mmoja wa lori akapiga meza kwa furaha. Binamu akasema sawa, amefungwa. Nilimpakulia nyama siku ile. Nyama ya ushindi ni vizuri aile aliyeshindwa.

Arobaini ikafika. Alikuja Kilosa na kanzu iliyopigwa pasi, akawaamkia wazee, akakaa mkekani kimya. Wakamchokoza, akajibu kwa adabu. Mmoja akamuuliza kama ana homa. Mwingine akasema siku hizi watani wamekwisha, wamebaki wageni waalikwa. Nilipita mbele yake na masinia zaidi ya ilivyohitajika, nikimwangalia anavyomeza maneno, na utamu wake sitauficha, ulizidi wa pilau.

Ndipo nikaitwa chumbani. Mama alikuwa ameusogeza mkeka wake hadi chini ya dirisha.

"Mtani hajafika?" akauliza.

Nikamwambia amefika, yuko nje anakula.

"Mbona simsikii?" Aliteremsha sauti ili wanawake wengine wasisikie. "Siku ile alipokohoa nilijua baba yako yuko uani, anaingia sasa hivi. Nilicheka, mwanangu, mpaka ikabidi wanifunike kanga. Nimeisubiri arobaini hii nimsikie tena."

Nilitoka nje. Nikainama kwa binamu na sinia mkononi, nikamwambia nimemwachia dau, akohoe. Akaendelea kutafuna. Nikamwambia mama anataka. Hapo aliacha kutafuna, nami nikaona machoni kwamba ameelewa. Mtu mwingine angesimama wakati ule ule. Huyu akanawa mikono taratibu, akajipangusa kidole kimoja kimoja.

"Ulinifunga mezani, mke wangu," akasema. "Nifungulie mezani."

Boksi alikuwa nalo garini. Akatandaza ramani chini ya dirisha la mama, wazee wakasogea na vikombe vyao vya kahawa, na mimi nikakaa kushindwa. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika chache. Niliwabakiza wakulima wote, tembo nikawapeleka baharini bila merikebu. Lakini binamu hakutaka kushinda upesi. Akajaza wakulima kwenye fungu lake, akawaachia wapanda farasi wapite, na kila kosa langu akawafafanulia wazee kama mwalimu: tazameni, huyu ndiye anayejisifu kwamba alinifunga. Wazee wakanicheka. Shangazi yangu mwenyewe akanicheka. Nilitaka kuipindua ramani, nikakumbuka aliyekuwa anasubiri ndani, nikachota karata nyingine. Nilipojaribu kumharakisha akaomba aongezewe kahawa kwanza. Nilishindwa kwa jasho zaidi kuliko nilivyoshinda, na Karthago ilipoanguka ua mzima ulikuwa umeshanizomea.

Akainuka, akajinyoosha, akazunguka nyuma yangu. Koti hakulichukua. Mimi nilikuwa nimeinama nakusanya karata, chuki imenijaa hadi kooni, napanga nitakavyomfunga tena Mikumi, na dau gani nitamwekea, na mbele ya madereva wangapi. Kisha nyuma ya kichwa changu kitu kikakwaruza, kikakohoa, kikavuta pumzi. Nami, kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeshaitika.

"Abee, baba."