Mkanda wa Limi

Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na hakuna anayekaa kumtazama mwenzake. Mwaka 1974 kambi yetu ya almasi, kule Shinyanga, ilikuwa na kamera moja ya filamu, mali ya klabu, na siku ya tamasha watu walikaa hadi madirishani.

Kila mwaka wanachama walipokezana: mwenye zamu aliazimwa kamera na mkanda mmoja wa dakika tatu. Saba Saba, siku ya tamasha, tulitazama filamu zote kwenye shuka ukumbini. Desturi ilikuwa moja: filamu ya mtu haikatizwi, hata iwe mbovu vipi. Donatus, fundi umeme, aliwahi kutuonyesha mbuzi wake akila kofia ya mwenyekiti. Tulicheka hadi machozi.

Mwaka huo wa 1974 alimpiga filamu mkewe, Limi. Daktari alikuwa amemrudisha nyumbani akafie huko, na Mageni, kitinda mimba wao, hakuwa ametimiza miaka miwili. Tulipakana nao kwa uzio wa minyaa, nilisikia yote.

"Baba Zipora, unanipiga nilivyokonda hivi? Watasema ulioa mwiko."

"Sogea kwenye mwanga. Cheka."

"Haya, nimecheka. Mageni akikua mwambie meno yote yalikuwa yangu."

Mikanda ilisafishwa Nairobi. Donatus akafika na kikopo cha bati, akienda posta, kwenye geti la kambi ambako kila anayetoka alipekuliwa asiibe almasi. Mlinzi wa zamu nilikuwa mimi.

"Fungua."

"Eustace, jirani yangu, hii haifunguliwi. Ikiona mwanga inakufa. Mama Zipora yumo humo."

"Kila mwenye jiwe ana la kusema."

Nilikuwa nimejisomesha kwa vitabu vya kuazima, nikajiona hakuna wa kunifundisha. Nikafungua. Nikauvuta mkanda wote juani, nikaupapasa pinda kwa pinda, nikitafuta almasi. Hapakuwa na kitu. Nikamrudishia umejikunja mikononi kama utumbo wa mbuzi.

"Kazi ni kazi," nikasema.

Akauzungusha upya, akaupeleka posta hivyo hivyo. Siku kumi na moja baadaye Limi alifariki.

Saba Saba mwendesha mashine alimnong'oneza Donatus kwamba mkanda hauna kitu.

"Weka," Donatus akasema.

Shuka ikawaka nyeupe, tupu. Hakuna aliyepiga mluzi wala aliyeinuka. Zipora, wa miaka sita, ndiye aliyeuliza, "Baba, mama anatokea saa ngapi?" Mkanda ukaendelea kuzunguka hadi ukaisha.

Mwaka uliofuata hakuna aliyetaka zamu. Klabu ikaiuza kamera.

Donatus na wanawe sikuwaona tena baada ya Agosti ya mwaka ule wa 1974. Alikuwa ameacha kazi, anawapeleka watoto kwa ndugu zake Nkome, na wa kuwapekua getini nilikuwa mimi tena. Hakungoja niseme. Alifungua sanduku, akafunua sufuria, akamfungua Mageni kanga aliyombebea. Mwisho akatoa kile kikopo, akakifungua, akakishika mbele ya macho yangu.

"Tazama, afande."

Zipora akaniamkia, "Shikamoo."

Nikainua kizuizi bila kuitikia.