Karatasi Iliyopita Chini ya Pazia

Mume wangu alipofariki nilikaa eda kama mama yangu alivyokaa: miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila kuonekana na wanaume wasio maharimu zangu. Sikulalamika. Nilimpenda, na kunyamaza kulinifaa.

Wiki ya tatu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alileta karatasi aliyosema ni ya kuombea cheti cha kifo. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba. Aliipitisha kwa chini, imekunjwa, pamebaki wazi pa kutia sahihi tu. Nimesoma hadi darasa la saba. Ningeweza kuikunjua nikasoma. Niliona haya kumweka mwanamume mlangoni akingoja. Nikatia sahihi, nikampa na kitambulisho changu, kisha nikamwombea dua. Hiyo dua ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Mwezi uliofuata jirani yangu, mama wa Kikamba aliyehamia huku na watu wake, alikuja akihema. Alipokuwa akitoka kisimani aliwakuta watu wanapima shamba letu la minazi, upande wa Ramisi.

"Mama, umeuza?"

"Niuze nini, nami niko ndani?"

"Basi umeuziwa."

Shamba hilo ndilo linalowalisha wanangu. Ndipo nikafahamu kuwa karatasi ile ilisema nimeridhia liwe la shemeji, aliuze. Sheria inataka mjane aridhie, na dini imenitengea fungu langu. Haki zote mbili zilimalizwa na mkunjo wa karatasi.

Jirani alinieleza kwamba kwao hakuna eda, lakini mamake alifukuzwa shambani vivyo hivyo, wao wakaiita mila. Binti yangu mkubwa anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Nilipompigia simu, alimsimulia mfanyakazi mwenzake, Mfilipino anayelala naye chumba kimoja. Yule hakushangaa, aliuliza tu kama aliyenitenda hivyo ni kaka au ni shemeji. Sisi tunaotendwa jambo moja hatujuani, ilhali wanaolitenda hawahitaji hata kujuana.

Mwalimu wetu wa madrasa ya wanawake aliniambia mjane anaruhusiwa kutoka mchana kwa dharura. Hilo hakuna mwanamume aliyewahi kunitajia. Siku ya kikao cha bodi ya ardhi cha kuidhinisha mauzo, Msambweni, nilitoka na jirani yangu. Shemeji alinisalimu kwa adabu zote.

"Shemeji, na eda yako?"

"Eda ni yangu na ndugu yako. Mimi nimekuja kusoma."

Niliiomba ile karatasi kwa mwenyekiti, nikaikunjua, nikaisoma yote kwa sauti, polepole. Mwenyekiti alizuia mauzo mpaka mirathi ipite kwa kadhi. Shemeji akasema mbele ya watu kuwa Mkamba ndiye aliyenipotosha.

Watu wananipongeza. Mimi naona kinyaa. Kuna kisima kingine karibu na kwa jirani. Lau angeteka maji huko asubuhi ile, ningemaliza eda nikute nyumba ya mtu imesimama katikati ya minazi yangu, na sheria ingali imeandikwa vilevile.