Pipa la Jaji

Nilianza kazi ya uhakimu Newala, siku moja na mwanamke wa Tandahimba ambaye leo anaitwa Mama Upendo. Hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, hakutuonyesha majalada kwanza. Alitupeleka nyuma ya jengo, penye pipa la bati lenye mfuniko.

"Hili ni la Jaji," alisema. "Ninyi mtagawana ndoo."

Vijana mnaofungua bomba hamtalielewa pipa lile. Maji ya Newala yalipandishwa kichwani kutoka mabondeni. Jaji wa Mahakama Kuu alipokuja kwenye kikao, ule msimu wa kusikiliza kesi za mauaji, mhudumu wetu Salumu alilijaza mapema, na hakuna aliyethubutu kuchovya kata. Jaji akioga, sisi tulisikia maji yakimwagika bila huruma.

Jaji huyo alitupenda wote wawili. Jioni moja alituambia, "Mmoja wenu ataoga pipa hili."

Mama Upendo alicheka. Mimi sikucheka.

Nilihamishiwa Masasi, kwetu, kisha nikarudi Newala nikiwa mfawidhi. Mwenzangu alipanda akawa naibu msajili, mwenye kuratibu mashauri ya Mahakama Kuu katika kanda. Kabla ya hapo nilikuwa nikisoma hukumu zake nikitafuta makosa. Yalikuwepo, ila madogo.

Jaji alipokaribia kustaafu, mji ulichangamka. Kisheria Rais ndiye huteua, baada ya kushauriwa na tume. Lakini mji nao huteua kwa namna yake. Mawakili wa Masasi walinitaja mimi. Wa Newala na Tandahimba walimtaja yeye. Kanisani, mzee mmoja wa parokia alinishika mkono.

"Safari hii ni zamu ya Masasi, Baba Joseph. Korosho tumewaachia wao, ujaji watuachie sisi."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nikamwacha aseme tena.

Siku ya kumuaga Jaji, mawakili wakiwa na majoho yao, nilitoa hotuba ndefu niliyoiandaa kwa wiki nzima. Mama Upendo alisema maneno machache tu, na Jaji akatoa leso. Nikajua ni yeye, kabla redio haijatangaza.

Kikao chake cha kwanza kilipangwa Newala, na mwenyeji wake ni mimi. Salumu alinijia, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, nijaze pipa?"

"La nini? Bomba lipo."

"Bomba lina siku zake, Mheshimiwa."

"Nimesema bomba lipo."

Bomba lilikauka siku ileile aliyofika. Hakuna kanuni inayotaja pipa, na mimi nilifuata kanuni. Jaji mpya alikwenda nyuma ya jengo, akafunua mfuniko, akachungulia, akanigeukia.

"Baba Joseph! Kumbe bado tunagawana ndoo?"

Salumu akaangalia chini asionekane anacheka. Mama Upendo alimtuma dukani akanunue ndoo mbili, azijaze kwenye kisima cha maji ya mvua cha jirani. Moja akabaki nayo. Ya pili akaagiza ipelekwe nyumbani kwangu, imejaa. Angenikaripia ningelala vizuri zaidi.

Mwaka huu naye amestaafu. Mawakili wameanza tena safari zao, wanapita hapa kwangu Masasi kuuliza nani anafaa kumrithi. Nawapa chai, jina silitaji. Wao ndio walionisimulia kwamba kwenye hafla ya kumuaga, Salumu alikuja na mkongojo wake akaomba mahakama imkabidhi Mama Upendo lile pipa. Likapakiwa kwenye pikapu hadi Tandahimba, na watu wakalisindikiza kwa vigelegele kama bibi harusi.

Mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani. Inakwenda vizuri. Mke wangu huniambia niitazame nishukuru, nami naitazama. Lakini ile ndoo ya Mama Upendo sikuirudisha, na ndiyo ninayoogea mpaka leo.