Saini ya Kuomba Radhi

Dawa ambayo huko thieta humlaza mgonjwa kabla ya kisu ndiyo iliyomwamsha mkulima mmoja kutoka Kola. Kwa siku kumi na moja alikuwa amelala wodini kwetu akiutazama ukuta, hasemi, chakula anakigusa tu. Jumatatu saa nne asubuhi aliwekewa ketamini kidogo kwenye dripu. Saa kumi jioni aliketi, akamwuliza mama yake nani anakamua ng'ombe.

"Jirani," mama akajibu, kisha akatoka nje, akashika nguzo ya baraza akasimama hapo.

Niliandika saa kwenye faili. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka kumi na minane na sikuwahi kuona mtu akirudi upesi namna ile.

Habari za dawa hiyo tulizipata mwezi uliotangulia, kwenye mafunzo yetu ya Jumatano, yale ambayo bila alama zake leseni haihuishwi. Daktari aliyetufundisha alipoitaja kuwa tiba ya huzuni nzito, mtu wa ganzi aliyekaa nyuma alicheka.

"Daktari, hiyo nimelaza watu nayo tangu nikiwa na nywele. Wanaamka wakiona ng'ombe juu ya dari."

"Kwa dozi yako," daktari akamjibu. "Yetu ni ndogo, na mgonjwa halali."

Alitufundisha pia kwamba nguvu ya dozi moja huisha baada ya siku chache, kwa hiyo hufuatwa na nyingine. Na kwamba kwa tiba mpya kama hii mgonjwa lazima akubali mwenyewe, akijua kwamba huenda isimsaidie. Nikajitolea kuitafsiri fomu. Niliiita Fomu ya Ridhaa, na Kiswahili chake kilinipendeza. Mkulima alipoletwa kwetu, baada ya kujaribu kujitoa uhai, nilimsomea aya zote kando ya kitanda. Nilimwuliza kama ameelewa. Akaitikia kwa kichwa, akatia saini.

Jumatano, siku mbili baada ya dawa, nilisimulia darasani yaliyotokea. Chai ilipoa mezani. Mtu wa ganzi, ambaye alikuwa amepita wodini kujionea, alisema tu, "Sasa mtaninyang'anya dawa yangu."

Daktari alitabasamu, kisha akatupa kazi: kila mmoja amwendee mgonjwa aliyetia saini, amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichotilia saini.

"Wangu atafaulu," nikamwambia.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye benchi uani, anamenya chungwa, mama yake kando. Nikamwuliza ile fomu aliitilia saini ya nini.

"Si ulisema ni ya ridhaa, sista?"

"Ndiyo."

"Basi. Niliomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa polisi. Kwa mwaitu hapa. Mtu akijaribu kile nilijaribu, si lazima aandike msamaha ndio asipelekwe kituoni?"

"Na mimi nilikusamehe siku hiyo hiyo," mama yake akasema.

"Na ile dawa?" nikauliza.

"Hiyo nilijua inafuata. Mwenye makosa haulizi anapewa nini."

Nilikaa kwenye benchi. Nikaanza upya, safari hii nikichanganya Kikamba na Kiswahili cha sokoni: kwamba hakuwa na kosa lolote kwetu, kwamba dozi ya pili ni kesho saa tatu, kwamba akiikosa giza lile linaweza kurudi, na kwamba hata hivyo anaweza kukataa na tutaendelea kumtibu kwa vidonge.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hata Jumatatu ningeweza kusema hapana?"

"Ungeweza."

"Ningesema hapana."

Mama yake akamgeukia. "Na kesho?"

"Mwaitu, wacha kwanza."

Nilimpigia daktari simu, nikamweleza yote. Aliniambia saini ya kwanza haihesabiki, na kwamba ya pili nisiiombe, ningoje mpaka aitoe mwenyewe. Mama alinifuata hadi mlangoni akaniuliza kama yeye anaweza kumtilia saini. Nikamwambia hawezi, maana mwanawe sasa ana akili zake timamu.

Nilipokabidhi zamu jioni ile, dawa ilikuwa imeshaagizwa kutoka thieta na mkulima alikuwa anakula ugali na mboga, akizungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili juu ya mvua. Alikuwa bado hajajibu.